Jinsi ya Kujenga Timu ya Huduma za Mifugo Ambamo Mdogo Anaweza Kumsimamisha Mkubwa

Ng'ombe wa maziwa aliyezaa usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala ndani ya banda moja bondeni, chini ya Tukuyu, shingo ameikunjia ubavuni, pua kavu, masikio ya baridi. Homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu mwilini baada ya kuzaa, ikifika hapo haihitaji maabara. Niliingiza sindano kwenye mshipa wa shingo, nikainua chupa ya kalsiamu ya mililita 400, nikamwambia mwanafunzi aliyekuwa nasi kwa fildi aweke stethoskopu upande wa kushoto wa kifua, nyuma ya kiwiko. Mvua ilikuwa inanyesha, mwenye ng'ombe alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka kumshinda, kwa hiyo chupa niliinua juu kuliko inavyotakiwa. Kalsiamu ikiingia mshipani upesi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuusimamisha kabisa. Ndiyo maana hutolewa polepole, ikiwa imepashwa joto la kadiri ya mwili, huku mtu akiusikiliza moyo muda wote. Yule kijana aliusikia moyo ukiruka mapigo. Aliniinulia macho mara mbili, akayashusha, na ng'ombe akafa mikononi mwetu. Tuliporudi barabarani nilimwuliza kama alikuwa amesikia chochote. Alinijibu kwa adabu kamili: "Nilisikia, dokta, ila nilidhani unajua."

Haya ninayoandika ni kwa ajili ya wenzangu wanaosimamia timu ndogo za huduma za mifugo Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani: kliniki, duka la dawa lenye watoa huduma wa vijijini, ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri, timu ya uhimilishaji (kupandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mkono). Mambo mawili yanayozungumzwa humu hutajwa mbalimbali, ingawa kazini hushikana mikono. La kwanza ni upendeleo usiotambulika, yaani ile hukumu ya haraka tunayompa mtu kwa jinsia, umri, kabila, lafudhi au cheti chake kabla hatujamsikiliza, na tunaitoa bila kujua kwamba tumeitoa. La pili ni usalama wa kisaikolojia: hali ya watu wa timu kuamini kwamba mtu akiuliza, akikiri kosa au akimpinga mkubwa wake, hatafedheheshwa wala kuadhibiwa kwa hilo. La kwanza huamua nani anasikilizwa. La pili huamua nani anathubutu kufungua mdomo. Ukishughulikia moja ukaliacha jingine, utapata watu wanaosema bila kusikika, au mkubwa aliye tayari kusikiliza mbele ya watu walionyamaza.

Msiwalaumu shikamoo na heshima

Nimesikia ikisemwa kwamba tatizo ni desturi zetu, kwamba mtoto aliyelelewa kutomkatiza mzee hawezi kumsahihisha daktari. Sikubaliani na hoja hiyo. Kijana huyohuyo anayeninyamazia zizini, akimwona babu yake anakanyaga karibu na nyoka, hatangoja kumaliza kuamkia. Heshima haimzuii mtu kusema. Kinachomzuia ni kutojua atakachofanywa baada ya kusema. Amkiani kama kawaida, itaneni dokta, kaka, dada, mama na mzee kama kawaida, kisha wekeni utaratibu unaomfanya mdogo aseme kwa sababu ameagizwa kusema. Anayetekeleza agizo hamvunjii mtu heshima.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye utafiti wake wa mwaka 1999 juu ya timu za kazi ndio ulioeneza dhana hii ya usalama wa kisaikolojia, alianzia hospitalini. Alikuwa akichunguza makosa ya dawa, akitarajia kwamba timu za wauguzi zenye uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wale wa timu nzuri walikuwa wakiyataja makosa yao, na wengine wakiyaficha. Msimamizi yeyote anayejisifu kwamba ofisini kwake hakuna makosa angeuweka utafiti huo mbele yake walau kwa jioni moja.

Anza kwa kuhesabu

Semina ya siku moja yenye soda na posho haibadilishi jambo hili, na nasema hivyo nikiwa nimehudhuria kadhaa na kuziendesha mbili. Tangu Anthony Greenwald na Mahzarin Banaji waandike mwaka 1995 kuhusu mitazamo inayotuongoza bila sisi kuijua, vipimo vingi vya kompyuta vimetungwa, na watafiti bado wanabishana ni kwa kiasi gani matokeo ya vipimo hivyo yanatabiri matendo ya mtu. Kwa kliniki yenye watu sita njia fupi ni kuyaacha yaliyomo moyoni na kuhesabu yaliyo mezani. Chukua daftari la shule, uandike kwa wiki mbili: nani ametumwa zizini na nani ameachwa kaunta, nani ameshika sindano na nani ameshika kamba, kwenye kikao nani alianza kusema akakatizwa, nani anaitwa kwa cheo chake na nani anaitwa "wewe binti". Usimwambie mtu kwamba unahesabu, na ujihesabu na wewe mwenyewe.

Daftari langu lilinionyesha jambo ambalo ningelikana kwa kiapo. Tulikuwa na dada mwenye stashahada ya afya ya mifugo, amehitimu vizuri, na katika wiki hizo mbili alitoka kwenda zizini mara moja tu, tena kwa kondoo. Hakuna aliyekuwa ametoa amri hiyo. Kila safari ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa na sura ya huruma: barabara ya huko ni ya utelezi, yule dume ni mkali, pikipiki itamchosha, na zaidi ya hayo yeye ana mwandiko mzuri, abaki aandike stakabadhi. Sasa fikiria maana yake kwa ufundi kama kupima mimba kwa mkono. Vidole havijifunzi kuutambua mji wa mimba wa ng'ombe kwa kusoma. Vinajifunza kwa idadi ya ng'ombe, makumi kwa mamia. Mwenzake wa kiume aliyeajiriwa mwaka uleule alikuwa ameshafikisha mamia hayo, naye alikuwa bado kwenye makumi, na tulipohitaji mtu wa kwenda kwenye shamba kubwa kupima mimba tulisema, bila ubaya wowote, kwamba dada hana uzoefu. Upendeleo ulikuwa umejitengenezea ushahidi wake wenyewe, na sisi tuliouleta tukausoma kama ukweli wa kawaida.

Dawa yake ilikuwa zamu iliyobandikwa ukutani. Zamu ya safari hupangwa Ijumaa kwa wiki inayofuata, kwa mzunguko, kabla haijajulikana ni mnyama gani, barabara gani wala mteja gani. Anayetaka kubadilishana na mwenzake huandika sababu pembeni ya karatasi. Hiyo safu ya sababu ndiyo yenye kazi. Mtu akilazimika kuandika "kwa sababu ni mwanamke" hataandika, na kwa kuwa hana sababu nyingine, zamu inabaki ilivyo. Wanafunzi wa fildi wanaotoka vyuo vya mifugo vya LITA, kama kile cha Madaba, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, waingizwe kwenye zamu hiyohiyo kwa majina yao, wasiachwe kuwa wabeba mifuko.

Kuna upendeleo mwingine ambao sisi wenye shahada hatupendi kuutaja. Sheria ya Veterinari, Sura ya 319, ya mwaka 2003, inamtenganisha daktari aliyesajiliwa na mtaalamu msaidizi aliyeandikishwa, na Baraza la Veterinari linasimamia mipaka hiyo. Ni sawa, na anayeivuka awajibishwe. Lakini sheria inapanga nani apasue. Haijapanga nani awe wa kwanza kuona kwamba damu inavuja. Nimeona kituo kimoja kilichopoteza mbegu zote za uhimilishaji kwa kulisahau hilo. Mama wa usafi alikuwa akikuta mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, inayozigandisha mbegu hizo, umeota barafu kwa nje kila asubuhi, naye, kwa bidii yake, akaupangusa. Barafu ya nje ya mtungi huonyesha kwamba ombwe kati ya kuta zake mbili limeharibika na naitrojeni inapotea upesi, lakini huyo mama hakuwahi kuambiwa, ilikuwa mwezi wa Juni, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni barafu si jambo la kumtoa mtu mbio. Siku ya kufungua mtungi, kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Aliyeulizwa wa kwanza alikuwa mhimilishaji, wa pili dereva. Mama wa usafi hakuulizwa kabisa, na ndiye pekee aliyekuwa na tarehe.

Panga mdomo wa nani unatangulia

Kikao cha asubuhi kiwe cha kusimama, dakika kumi, kabla ya pikipiki ya kwanza kutoka, na waliopo wote wawepo, pamoja na mama wa usafi na dereva. Anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote, na daktari mkuu anafunga. Mpango huu unaonekana mdogo mpaka uujaribu, kwa maana mkubwa akishasema "naona hii ni ndigana kali", ule ugonjwa wa kupe, waliobaki wataona ndigana kali hata kama jana yake waliona kitu kingine. Kwenye wagonjwa wenye utata, kila mmoja aandike dhana yake kwenye kipande cha karatasi kabla ya mazungumzo. Mjadala utakaofuata utashangaza, hasa mtakapogundua kwamba mwanafunzi wa fildi ndiye aliyeuliza kuhusu chanjo.

Zizini hakuna nafasi ya karatasi, na hapo mnahitaji maneno ya kukubaliana mapema. Sisi tulichagua matatu, yanayopanda ngazi. La kwanza ni "Dokta, naona...", kisha mtu anataja alichokiona tu, bila kutoa hukumu: naona moyo unaruka, naona chupa hii ni ya dawa ya asilimia 20 na si 10. La pili, kama hakujibiwa, ni "Dokta, nina wasiwasi." La tatu ni "Tusimame," na neno hilo likitamkwa na yeyote, mikono yote inasimama, chupa inashushwa, kisu kinawekwa, ndipo maelezo yanaulizwa. Angalia kwamba hakuna neno kati ya hayo linalosema "umekosea". Mtoto wa watu hatamwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba amekosea, wala hakuna haja ya kumlazimisha. Mnyama anachohitaji ni kusimamishwa kwa mkono, na mkono unasimama vilevile.

Kinachofuata baada ya "tusimame" ya kwanza ndicho kitakachoamua kama kutakuwa na ya pili. Mara nyingi aliyesimamisha atakuwa amekosea: moyo ulikuwa sawa, stethoskopu ndiyo iliyoteleza. Mshukuru mbele ya mwenye ng'ombe, umwonyeshe alichopaswa kusikia, uendelee. Ukitoa hata ule mguno wetu wa puani, ambao kila mtu wa huku anaujua maana yake, umeshaifunga midomo ya timu nzima kwa mwaka. Mwenye ng'ombe naye hashtuki kama tunavyodhani. Mfugaji wa Rungwe anayemtegemea ng'ombe mmoja kwa ada ya watoto hufurahi kuona watu wawili wanaangalia anapodhani yuko mmoja.

Daftari la nusura

Nunua daftari la pili, uliite la nusura. Humo huandikwa yale yaliyokaribia kuharibika: chanjo iliyokutwa nje ya friji, dozi iliyokokotolewa kwa uzito wa mnyama mwingine, mteja aliyeondoka bila kuambiwa asipeleke maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye kituo cha kukusanyia mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite. Mwandishi wa kwanza awe mkuu wa kituo, na aandike kosa lake la kweli, lenye aibu ndani yake. Mimi nilianza na yule ng'ombe wa Tukuyu, nikaandika: "Niliinua chupa juu mno kwa haraka, sikumwambia msikilizaji wa moyo kwamba ana mamlaka ya kunisimamisha." Ukurasa wa pili ulichukua siku tisa kupata mwandishi. Wa tatu ulijaa kesho yake.

Miezi ya kwanza makosa yataonekana kuongezeka, na aliye juu yako anayepokea taarifa anaweza kushtuka, kwa hiyo mweleze mapema. Weka pia mpaka ulio wazi, usioyumba: kuteleza, kusahau na kutojua kunaandikwa na kufundishiwa, kuuza dawa ya ofisi kwa mlango wa nyuma, kugushi cheti cha chanjo au kuja kazini umelewa ni utovu, na unashughulikiwa kama utovu. Usalama wa kisaikolojia haushushi kiwango cha kazi. Timu isiyotofautisha mambo haya huishia ama na woga ama na ulegevu, na kati ya hayo mawili nimeona woga ukiua ng'ombe wengi zaidi.

Kuna nusura moja inayostahili ukurasa wake, na mara nyingi haiandikwi kwa sababu anayeihitaji zaidi ameshajifunza kunyamaza. Dawa za sindano za homoni ya prostaglandini, tunazotumia kuwaleta ng'ombe kwenye joto kwa pamoja, zinaweza kupenya ngozi ya anayezishika na kumharibia mimba mwanamke mjamzito; ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humwambukiza binadamu anayegusa kondo na kijusi kilichotoka bila glovu; na chanjo ya S19 dhidi ya ugonjwa huo ni ya vimelea hai, hivyo anayejichoma nayo kwa bahati mbaya anahitaji kwenda hospitali siku hiyohiyo akiwa na jina la chanjo mkononi. Sasa mweke hapo mfanyakazi mwenye mimba ya wiki saba, mkataba wake unaisha mwezi ujao, na ameshasikia wenzake wakisema kwamba kazi hii si ya wanawake. Hatasema. Ataishika sindano. Kwa hiyo msiisubiri siri yake: kanuni za glovu, za nani achanganye na nani adunge, ziwe za wote, na kila mtu awe na haki ya kujiondoa kwenye kazi ya prostaglandini au ya kuzalisha ng'ombe aliyetupa mimba bila kuulizwa sababu. Wanaume wawili wa timu yetu waliitumia haki hiyo kabla ya mwanamke yeyote, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Wateja nao

Mfugaji akimpita daktari wa kike na kwenda kumpa mkono dereva, usimwache daktari ajitetee peke yake. Anayefuatana naye ndiye anayetanguliza neno, kabla hawajafika getini: "Huyu ndiye daktari wenu leo, mimi nimekuja kumshikia ng'ombe." Halafu amshikie kweli. Maswali yatakayoelekezwa kwa mwanamume huyo ayarudishe kwa daktari kila mara, kwa upole, mpaka mfugaji azoee, na huzoea upesi kuliko tunavyomdhania, hasa ndama akitoka salama.

Upendeleo wetu sisi kwa wateja ni mgumu zaidi kuukamata. Kwenye uwanda wa Usangu, Mbarali, wapo wafugaji wa makundi makubwa waliohamia kutoka mikoa mingine, Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig, na ofisini huwa tuna sentensi zetu zilizokwisha kupikwa juu yao: hao hujidungia wenyewe, hao hawasikii. Mtu akienda na sentensi hiyo kichwani, ataanza kwa kumgombeza mfugaji juu ya dawa, na mfugaji aliyegombezwa hatamwambia kwamba kikohozi kilianza kwa madume mawili aliyoyanunua mnadani mwezi uliopita, habari ambayo ndiyo ingemwelekeza kwenye homa ya mapafu ya ng'ombe. Tengeneza karatasi ya maswali kumi yanayoulizwa kwa kila mteja kwa mpangilio uleule, mwenye ng'ombe mia nne na mama mwenye nguruwe wawili wa Uyole: mnyama ametoka wapi, lini, amechanganyika na nani, amepewa nini na nani, nani mwingine anaumwa, na wewe unadhani ni nini. Swali la mwisho lisirukwe hata siku moja.

Kama hukuweza kufanya yote haya kwa pamoja, na hutaweza, anza na zamu ya ukutani na neno "tusimame", uliache daftari la nusura mpaka mwezi wa pili. Baada ya miezi mitatu, siku mkiwa safarini na mdogo kuliko wote, mwulize: "Wiki hii ni jambo gani uliliona ukanyamaza?" Kisha nyamaza wewe, hata kama kimya hicho kitakuchukua kutoka Igurusi hadi Chimala. Akitaja jambo, lifanyie kazi kabla ya Ijumaa, naye ajue kwamba limefanyiwa kazi. Akisema hakuna, mwulize tena wiki inayofuata, na jioni hiyo urudie kulisoma daftari lako la kuhesabu kuanzia ukurasa wenye jina lako.